Kwa Nini Sikuliweka Tena Jina Langu Mwishoni

Vijana, nimesomewa karatasi zenu zote, na kabla sijasema neno juu ya vina na mizani nataka kumuuliza yule wa Vigwaza: kwa nini chini ya shairi lako umeandika kwamba wewe ni mtu wa Bagamoyo mjini? Vigwaza imekukosea nini? Utanijibu kwamba mwenye gazeti hatalichapa shairi la mtu wa Vigwaza. Labda. Mimi nimeandika kwa mkono huu miaka arobaini, barua za watu na mashairi yangu, na leo vidole havikunjuki mpaka vikandwe kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Kazi nimeiacha. Ubishi sijauacha, wala sina nia ya kuuacha.

Mnaniuliza kila mkija, "Babu, mtunzi hufanyaje jina lake likajulikana?" Zamani zetu hapakuwa na gazeti. Mtunzi alijulikana kwa kusomwa harusini, au kwa kuimbwa ngomani, na akibahatika, mtunzi wa mji mwingine alimpelekea shairi la kumchokoza, naye akajibu, watu wakagawanyika pande mbili wakabishana hadi kahawa ikapoa. Katika hayo yote jina lako lilikuwa na mahali pake pamoja tu, napo ni ubeti wa mwisho. Unamaliza maneno yako, unamwomba Mungu akusamehe, kisha unajitaja wewe na baba yako na mji wako. Kujitaja mapema kulihesabiwa utovu wa adabu. Nami nilikuwa kijana wa adabu sana, na adabu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mimi ni Kondo, Mkwere mzaliwa wa Miono, bara ya Bagamoyo. Baba yangu alilima, na kiangazi alichimba sandarusi, ile gundi ngumu iliyozikwa ardhini ambayo watu wa ng'ambo waliigombea kwa kupaka samani zao zing'ae. Nilishuka Bagamoyo na mzigo wake kichwani, miaka michache kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao. Aliyeununua mzigo alikuwa Sheikh Nasoro, mfanyabiashara wa pembe na sandarusi ambaye babu zake walitoka Omani. Alipokuwa akipima aliniona nasoma maandishi yaliyokuwa kwenye gunia lake. Mjomba wangu alikuwa amenifundisha Kurani na hati, lakini yeye hakulitarajia hilo.

"Mkwere unasoma?" akaniuliza.

"Nasoma, Bwana. Hapa pameandikwa vibaya."

Akacheka mpaka akaiweka mizani chini. Nikapewa chumba kidogo uani, karibu na ghala, nikakaa humo miaka minne nikimwandikia barua. Sitaki mkasikia yatakayokuja mkadhani alikuwa mtu mbaya. Nilipougua homa alimwambia mkewe mwenyewe anipikie uji, na kila Idi alinivisha. Ndiyo maana ilikuwa vigumu.

Kazi nilifundishwa na Mwalimu Shomari, mwandishi wake wa siku nyingi, mzee mwembamba aliyekuwa akiinusa karatasi kabla ya kuiandikia. Yeye alinionyesha kuchonga kalamu ya mtete kwa mshazari, na kutengeneza wino wa masizi ya chungu, maji na gundi ya mgunga. Gundi ndiyo fundi. Ikipungua, wino unatiririka kwa jasho la mpagazi. Ikizidi, hunata. Mimi nilipenda wino unaong'aa, kwa hiyo barua yangu ya kwanza ya kwenda Tabora niliizidishia gundi, nikaikunja kabla haijakauka. Ilipofika ilikuwa imegandana, na wakala wa Sheikh alipoifungua ikachanika, ikasomeka nusu ya juu tu. Nanyi mnazijua barua za watu wa pwani. Nusu ya juu yote ni salamu: hali zetu njema, nasi twaomba mzidi kuwa wazima, tusalimie fulani na fulani na wote waulizao habari zetu. Yule wakala akatafuta habari, hakuiona. Alikuwa mtu mwenye adabu zake, akajibu salamu kwa salamu, ukurasa mzima, na mpagazi akatembea nayo miezi mitatu kuturudishia.

Sheikh Nasoro aliifungua mbele yetu. Akaisoma, akaigeuza upande wa pili, akanitazama.

"Kondo," akasema, "kumbe tuliwatuma watu Tabora kujuliana hali."

Basi, vijana, gundi kidogo.

Mashairi niliyatunga baada ya kazi, na nilikuwa na njaa ya jina kama mlivyo nyinyi. Mwalimu Shomari aliyasoma akatikisa kichwa kwa kuridhika, ila alipofika mwisho akakunja uso.

"Mwanangu, maneno mazuri. Lakini hili 'Kondo wa Miono' halina harufu ya udi. Andika al-Shirazi."

"Mimi si Mshirazi, Mwalimu."

"Nani atakuuliza?"

Aliuliza mzee wa kwanza tuliyemkuta barazani. Shairi lilisomwa, likasifiwa, mzee akanigeukia kwa upole kabisa, "Shirazi wa wapi, mwanangu?" Nikababaika. Wiki ile nilikuwa nimepita kijiji cha Mapinga kupeleka barua, na hilo ndilo jina lililonijia ulimini. "Wa Mapinga," nikasema. Kahawa ilimwagika barazani pale kwa vicheko. Mwezi mzima nikipita njiani naitwa Shirazi wa Mapinga, hata na wauza samaki. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile yangu haikufika hata kona ya kwanza. Tangu siku hiyo nilirudi kwa Kondo wa Miono, na nikaapa sitaondoka hapo.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Sheikh Nasoro alikuwa na mali, na heshima, na nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi. Alichokosa ni kipaji, nacho ndicho alichokitamani kuliko vyote. Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada la ngozi, nami ndiye niliyelinakili: mashairi ya watu wa kale aliyoyapenda, na baadhi ya yangu, kwa kuwa alisema yanamfurahisha. Nilifurahi kuliko yeye. Kuwemo ndani ya daftari lile kwangu kulikuwa ndiko kufika.

Ikaja harusi ya binti ya ndugu yake. Wanaume tulikaa barazani baada ya sala ya alasiri, mimi nikigawa kahawa. Sheikh akafungua daftari, akaanza kusoma shairi langu, lile la wasia kwa mwoaji. Alisoma vizuri, haki yake nampa. Wazee wakatikisa vichwa, mmoja akafuta machozi. Alipokaribia ubeti wa mwisho nililiweka chini buli la kahawa, nikajiweka sawa, maana hapo ndipo jina langu lilipokuwa.

Akausoma ubeti nisioujua. Vina vyake vilichechemea, na ndani yake alikuwa Nasoro, na baba yake, na babu yake.

Watu wakamshangilia. Mgeni mmoja akanipiga bega, "Kijana, umeona bwana wako anavyotunga?"

Nikasema, "Nimeona."

Hilo neno moja limenikaa kooni mpaka leo. Hakuna aliyenishika mdomo. Ningeweza kusema, nami nikasema "nimeona" nikaendelea kugawa kahawa. Siku ya pili yake Sheikh akaniletea kanzu mpya. Ilinikaa sawasawa mabegani, na hilo likaniudhi zaidi, maana sikuweza hata kuilaumu kanzu.

Nilikaa siku kadhaa, kisha nikamwendea ghalani. "Bwana, ule ubeti wa mwisho."

Hakukasirika. Alichukua kipande cha sandarusi akakishika kwenye mwanga. "Kondo, mwanangu, hii imetoka kwenu. Pengine baba yako ndiye aliyeichimba. Ikifika ng'ambo, wanauliza nani aliyeichimba? Wanauliza muhuri wa nani uko kwenye kasha. Maneno nayo ni hivyo hivyo. Mimi nayapa maneno yako nyumba. Na hata ungesema ni yako, nani Bagamoyo hii atasadiki?"

La mwisho hilo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu liliniuma. Niliporudi chumbani nilihisi sipo. Nikifa, nilifikiri, yatabaki maneno yangu yakimsifu mtu mwingine, na Miono itabaki kuwa mahali panapotoka magunia.

Aliyeniokoa hakuwa mwanachuoni. Alikuwa Bi Mwanaidi, manju wa ngoma ya mtaa wetu wa pwani, mama wa watoto sita mwenye sauti ya kusimamisha punda. Najua mnachofikiri, alikuwa na mume, tena mkali, basi acheni. Sheikh Nasoro ndiye mfadhili wa ngoma ile, na mashairi ya kuimba yalitoka kwake, yaani kwangu. Siku moja nilimpelekea shairi nikamwomba, "Dada, nakusihi, uuimbe na ubeti wa mwisho."

Akanicheka. "Ubeti wa mwisho! Mdogo wangu, wewe umewahi kucheza ngoma? Nikifika ubeti wa sita watu wana jasho, wa nane wanatafuta maji, wa kumi wameanza kugombana na mtaa wa juu. Ubeti wa mwisho mimi siufiki. Watu wanakwenda nyumbani na kiitikio. Kiitikio ndicho wanachopikia na kukandia unga."

Nikabaki nimesimama na karatasi mkononi. Miaka yote ile nimekuwa nikilipeleka jina langu mahali ambapo hakuna anayefika, na ambapo mtu anaweza kulikata kwa wembe mmoja. Ubeti wa mwisho unaweza kuukata. Kiitikio huwezi, kwa kuwa kiko katika kila ubeti, na tena hakisemwi na mtunzi, kinasemwa na watu.

Idi ilikuwa inakaribia, na Idi pili mitaa miwili ilikuwa ishindane uwanjani. Sheikh aliniagiza shairi la kuwafunga mdomo watu wa mtaa wa juu, nalo litangazwe kuwa ni lake. Nikatunga. Ubeti wa kwanza nilimwandikia hivi:

Kalamu yataka wino, na wino wataka njia,
Kinywa chataka maneno, na sikio kusikia,
Shamba lataka mavuno, mlimi kujivunia,
Sema, bwana wa maneno, nyuma tunaitikia.

Mwalimu Shomari aliusoma akaweka kidole kwenye mstari wa nne. "'Maneno' yako juu, na 'maneno' yako chini. Kina kimoja mara mbili. Hapa ulichoka?"

"Hapa nimeacha nafasi, Mwalimu."

Aliusoma tena, kisha akaenda zake kutawadha. Sheikh hakuliona kosa. Alijiona yeye ndiye bwana wa maneno, akanituma nilinakili shairi lote katika daftari lake kwa wino mzuri. Nikanakili. Halafu nikaenda kwa Bi Mwanaidi na mstari wa nne wa namna nyingine, mizani ile ile, usiorudia kina.

Msinione shujaa. Asubuhi ya Idi pili nilimkimbilia Bi Mwanaidi nikamkuta anajipaka wanja.

"Dada, turudishe ule wa zamani. Nitafukuzwa. Sina pa kulala wala pa kulia chakula."

Hakugeuka. "Waitikiaji thelathini nimewafundisha siku tisa. Unataka niwaambie nini, kwamba mwenye jina ameliogopa jina lake?"

"Nitasema nini akiniuliza?"

"Hilo si la manju. Mimi naimba." Akafunika kichupa chake cha wanja. "Ukitaka kujificha, jifiche. Wimbo utatoka."

Baada ya alasiri uwanja ulijaa. Mtaa wa juu waliimba kwanza, wakatutukana vizuri tu, sina la kuwalaumu. Sheikh Nasoro alikaa kitini mbele kabisa, joho jeusi, marashi yananukia hadi nilipokuwa nimesimama nyuma ya watu. Mshereheshaji akatangaza kwamba shairi ni la Sheikh. Bi Mwanaidi akaingia katikati, akaimba mistari mitatu kama ilivyoandikwa, na wa nne akauachia kwa nguvu zote:

Sema, Kondo wa Miono, nyuma tunaitikia!

Na wale thelathini wakaupokea. Ubeti wa pili, watu waliokaa pembeni nao wakaingia. Ubeti wa nne, uwanja mzima, hata baadhi ya mtaa wa juu waliokuwa wamesahau ni maadui. Wapagazi waliotoka bara na misafara walikuwa wamesimama kwenye ukuta, nao wakaimba, wakiligonga lile "Miono" kwa miguu. Sikuwa nimewahi kulisikia jina la kwetu likitajwa mjini bila kicheko nyuma yake.

Sheikh akainua fimbo. Ngoma ikanyamaza.

"Nani huyo Kondo?" akauliza, ingawa alijua.

Pale pale lilinijia lile "nimeona" la harusini. Lilikuwa tayari mdomoni. Njia ya kutoka ilikuwa nyuma yangu, nyeupe, hakuna mtu. Nikapita mbele.

"Ndimi, Bwana," nikasema. "Mchimbaji."

Akanielewa. Nilimwona akielewa. "Niliyekulisha," akasema kwa sauti ya chini.

"Ulinilisha, Bwana, na Mungu akulipe. Kanzu hii ni yako, nikipata nyingine nitakurudishia. Maneno ni yangu. Sandarusi haina mdomo, mimi ninao."

Hakuna aliyecheka. Sheikh akalikusanya joho lake akaondoka, na watu wake wakamfuata. Bi Mwanaidi akasubiri mpaka wapite, kisha akaanza ubeti wa sita, kwa sababu alikuwa hajamaliza kazi.

Asubuhi nilikuta mkeka wangu umekunjwa na kuwekwa nje ya lango, na sanduku la kalamu juu yake, limefutwa vumbi. Alinifukuza kistaarabu. Nyumba kubwa zote zikanifungia milango, na aliyenisalimu mchana alihakikisha hakuna anayemwona. Nikatandika mkeka kwenye kambi ya wapagazi nikawaandikia wao barua. Walinilipa kwa mchele, kwa asali, mara nyingine kwa ahadi. Nilishinda na njaa. Nilijuta? Siku za njaa nilijuta, nawaambieni kweli, na kila nilipojuta mtu asiyenijua alipita na mzigo wake akiimba jina langu, na nikaona aibu kujuta. Msafara mmoja uliporudi ulinipa habari kwamba kiitikio kimefika mbali kuliko barua yangu yoyote, na hakikugandana.

Mwalimu Shomari alikaa mwaka mzima hanisemeshi. Kisha akaja kambini, akaketi bila kukaribishwa, akanipa kalamu aliyoichonga mwenyewe. "Ile nafasi uliyoiacha," akasema, "uliijaza vizuri." Akanywa maji akarudi mjini.

Vikaja vita na Wadachi, kambi ikaungua, na karatasi zangu zote zikaungua nayo. Watu wakafa, wakahama. Lile shairi mnalolisikia likisifiwa lilikuwa na beti kumi na mbili, nami leo ninazikumbuka tatu. Wenzangu wa rika hunitania, "Kondo, ulipigania jina ukapoteza shairi." Nimeishi na maneno hayo miaka yote.

Jibu nililipata mwaka jana. Sheikh Nasoro alikwisha tangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na nyumba yake anakaa mjukuu wake Seif, kijana mpole wa duka la nguo, aliyezaliwa vita vimekwisha zamani. Niliposikia kwamba daftari la ngozi bado liko nilipiga hodi kwenye mlango ule wa nakshi. Nilisema mimi ni mzee mpenda mashairi. Jina sikulitaja, wala yeye hakuuliza.

"Shikamoo, babu. Karibu ndani."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akanikalisha, akalifungua daftari. Mchwa walikuwa wamekula pembe moja tu. Niliutambua wino wangu, gundi kidogo, haujabanduka. Macho yangu hayafiki tena kwenye karatasi, nikamwomba anisomee lile la Idi.

Akatia kidole chini ya mstari wa kwanza, kama wanavyofanya watu wanaosoma kwa uangalifu. Kalamu yataka wino. Kinywa chataka maneno. Shamba lataka mavuno. Kidole chake kikashuka hadi mstari wa nne, pale nilipoandika kwa mkono wangu mwenyewe "Sema, bwana wa maneno," kikakaa juu ya maneno yale yale, nami nikainamisha kichwa nikayangoja.

"Sema, Kondo wa Miono," akasoma Seif, bila kusita, "nyuma tunaitikia."

Hakuona kitu. Aliufahamu mstari ule tangu akibebwa mgongoni, na ulimi wake ulikuwa umefika kabla ya macho. Alikuwa ameshashuka kwenye ubeti wa pili nilipoweka mkono wangu juu ya daftari.

"Hebu rudia hapo, mjukuu wangu," nikamwambia. "Sikusikia vizuri."

Akarudia.